Kutafuta kifuniko cha hotishu: uzoefu wa mpiga picha wa harusi za pwani

Juu ya kamera nyingi za kidijitali, karibu na pale unapochungulia, kuna reli mbili fupi za chuma zenye vitufe vidogo vinavyong'aa katikati yake. Hapo ndipo flashi inapochomekwa, au triga, yaani kifaa kidogo kinachowasha flashi zilizo mbali bila waya, na sisi wapiga picha tunapaita hotishu. Kamera mpya ikitoka kwenye boksi, mara nyingi huwa na kipande cheusi cha plastiki kimetelezeshwa humo. Ni chepesi kiasi kwamba kikidondoka husikii, na hupotea mapema kuliko kitu kingine chochote kinachokuja na kamera. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye chake kimepotea, au amenunua kamera iliyokwisha kutumika ikaja bila nacho, hasa kama anaishi karibu na bahari kama mimi.

Napiga picha za harusi Dar es Salaam. Harusi zetu si za ukumbini peke yake. Jioni maharusi wanataka picha za ufukweni, Kigamboni au Coco Beach, miguu kwenye maji na shela linapepea. Saa mbili usiku tunaingia ukumbini, na kamera ile ile iliyopigwa na upepo wa bahari sasa inatakiwa kuwasha flashi tatu bila kukosea. Kamera yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa Nikon D7000, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahamia mkoani. Ilikuja na mkanda, chaja, betri na lenzi. Kifuniko cha hotishu hakikuwepo, na hakuna aliyekitaja, si muuzaji wala mnunuzi.

Zaidi ya mwaka mmoja kazi zilikwenda vizuri. Halafu flashi zikaanza kusuasua. Mwanzoni ilikuwa picha moja moja: unabonyeza, shata inalia, triga haishtuki, flashi zote kwenye stendi zimenyamaza. Unabonyeza tena, zinapiga. Nikabadilisha betri za flashi, nikabadilisha chaneli, mwishowe nikanunua triga nyingine kwa shilingi 180,000. Ile mpya nayo ikafanya vile vile. Ukiisukuma mbele kidogo kwa kidole gumba inapiga, ukiiachia inasita. Dalili hiyo ikitokea kwako usikimbilie dukani. Triga ambayo inapona ukiisukuma ni nzima. Kinachoumwa ni mahali ilipokaa.

Harusi iliyoniumiza ni moja ambayo flashi ziligoma bibi harusi akiwalisha wazazi wake keki. Tukio lile ni la sekunde chache na halirudiwi. MC anahesabu, mama analia, mtoto ameinua kipande cha keki, nikabonyeza nikapata giza. Nikabonyeza tena, giza. Nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, mpaka 6400 nikapiga kwa taa za ukumbi, zile za zambarau za dijei, na picha hizo ndizo wazazi walizonazo: nyuso za zambarau zenye chenga. Nilipunguza malipo kwa shilingi 200,000 bila kuombwa. Hata hivyo, siku ya kukabidhi albamu nilishindwa kumtazama yule mama machoni.

Jumatatu yake nikaenda Kariakoo kwa fundi kamera mmoja, mtu mzima aliyeanza kazi hiyo enzi za filamu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Leta nione."

Hakuuliza triga wala flashi. Akavaa miwani ya kukuzia, akaigeuza kamera ielekee dirishani, akaniambia nichungulie. Ndani ya reli ya kushoto, kule pembeni kidole kisikofika, kulikuwa na unga wa kijani umegandamana na mchanga mwembamba. Kitufe cha katikati kilikuwa na duara jeusi, kama chungu kilichosahaulika motoni. "Hii ni bahari," akasema. "Ulikuwa unaitembeza wazi?"

Akanieleza jinsi hotishu inavyofanya kazi, nami sijaisahau. Kitufe kikubwa cha katikati ni upande mmoja wa umeme, na reli zenyewe ni upande wa pili. Shata ikifunguka, kamera inaziunganisha pande hizo mbili na flashi inapiga. Vitufe vingine vidogo vya pembeni ni vya mazungumzo kati ya kamera na flashi: mwanga kiasi gani, lenzi imevuta wapi, na kadhalika, na kila kampuni imevipanga kwa namna yake. Kwa hiyo si kitufe tu kinachotakiwa kuwa safi, hata reli. Watu wengi wanasugua kitufe cha katikati na kusahau reli, halafu wanashangaa tatizo halijaondoka. Chumvi nayo ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Ikishaingia mle, hata ukiwa umerudi nyumbani na kamera iko ndani ya begi, chuma kinaendelea kuwa na majimaji na kuliwa taratibu.

Akanisafishia kwa shilingi 30,000 na kunionyesha namna ya kufanya mwenyewe. Zima kamera, toa betri. Igeuze juu chini ili takataka zidondoke badala ya kuingia ndani zaidi. Piga brashi kavu kwanza kutoa mchanga, maana ukianza kusugua kabla ya kutoa mchanga unakwaruza. Kisha kijiti cha pamba kilichogusishwa spiriti safi ya isopropili, kidogo tu, kisiwe kinachuruzika, kwenye kitufe, kwenye reli juu, na kwenye uvungu wa reli. Weusi ukigoma, kifutio cheupe cha penseli kilichokatwa kwa wembe kuwa chembamba, taratibu, halafu brashi tena. Usipulizie dawa yoyote ya kopo moja kwa moja kwenye kamera. Chini ya bamba la hotishu kuna njia ya kuingia ndani.

Nikiwa nalipa akaniambia: "Katafute kifuniko. Usipokipata utarudi hapa kila msimu."

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Duka la kwanza lililouza vifaa vya kamera lilikuwa na kopo zima la vifuniko vyeusi, shilingi 3,000 kimoja, "vinaingia kamera zote". Kikaingia kweli, kwa kuteleza bila upinzani wowote. Ukiiinamisha kamera kinatembea kurudi nyuma chenyewe. Sikukaa nacho hata wiki. Kilidondoka kwenye pantoni ya Kigamboni mkanda ulipokisugua nikivaa kamera begani. Nikarudi nikanunua vingine, vikaenda njia hiyo hiyo. Lililonisumbua kuliko kupotea ni kwamba kile kimoja kilichodumu kidogo kilikuwa kinabeba mchanga. Kwa kuwa hakikubana, mchanga uliingia kwa nyuma ukakaa chini yake, na kila kilipoteleza kiliusaga juu ya vitufe. Kifuniko kinacholegea naona ni kibaya kuliko kutokuwa nacho kabisa, kwa sababu mwenye kamera anaacha kuchungulia akiamini pamefunikwa.

Maneno ya "vinaingia kamera zote" yana asili ya kweli. Vipimo vya reli hizi vimewekwa katika kiwango cha kimataifa, ISO 518, na ndiyo maana flashi ya zamani inaweza kukaa kwenye kamera ya leo. Reli yenyewe ina umri mkubwa. Leica ya mwaka 1925 ilikuwa nayo bila umeme wowote, ya kuwekea kipima umbali, na kamera ya Kimarekani iitwayo Univex Mercury ya mwaka 1938 ndiyo iliyoweka mguso wa umeme mle ndani. Ila kiwango kinapanga ukubwa wa reli. Hakimpangii mtengenezaji wa vifuniko. Guu la kifuniko linatakiwa kuwa na upana wa kama milimita 18 na nusu, na unene unaokaribia 2. Nilipoazima kalipa, kifaa cha kupimia unene, kwa rafiki yangu fundi vyuma na kupima vile vya kopo, vilikuwa vyembamba kwa sehemu ndogo ya milimita tu. Sehemu hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama kitakaa au kitaanguka baharini.

Baada ya hapo nikaenda upande wa pili kabisa: kitu cha kubana. Mtandaoni nilipata kifuniko chenye pima-maji, ile chupa ndogo yenye povu la hewa, shilingi 12,000 pamoja na usafiri. Kilikaa imara. Nilikipenda kwa sababu upeo wa bahari ukipinda kwenye picha ya harusi unaonekana mara moja. Siku chache baadaye nikiwa kwenye kitchen party ya mtaani, mchana, nilitaka flashi ndogo ya kamera yenyewe initolee vivuli usoni kwa akina mama waliovaa vilemba. Nikabonyeza, haikuinuka. Nikabonyeza tena, kimya.

Sababu yake ni muhimu kwa kila mwenye kamera yenye flashi ya kuinuka. Ndani ya reli mojawapo kuna swichi ndogo sana, ukubwa wa punje ya ufuta, na kazi yake ni kuiambia kamera kwamba kuna flashi kubwa imechomekwa juu. Swichi ikibonyezwa, kamera inaizuia ile ndogo isiinuke ili zisigongane. Kifuniko kinene kinaibonyeza muda wote. Nilipokitoa flashi ikainuka, lakini wenzangu kadhaa wamekutana na hali mbaya zaidi: kifuniko kimetolewa na swichi imebaki chini, imekwama kwa mchanga au kwa kukandamizwa muda mrefu. Ikikufikia, chukua kijiti cha meno cha mbao, si sindano, uichokonoe polepole mpaka iruke. Ikigoma, tone la ile spiriti kwenye ncha ya kijiti husaidia kulainisha uchafu.

Kuhusu pima-maji yenyewe, nashauri uachane nayo kama kamera yako ina kipimo cha mlalo ndani ya skrini. D7000 inacho. Povu la hewa juu ya kifuniko linasema kweli kama kifuniko kimekaa sawa kabisa ndani ya reli, na vya bei ya chini huwa havijakaa sawa.

Nilijaribu cha mpira pia. Kilibana vizuri na hakikugusa swichi, na kwa mtu wa Dodoma au Arusha ningekisifu bila masharti. Kwa pwani kilikuwa na shida nyingine. Mpira laini ulivuta vumbi na mafuta ya mikono, na nilipokitoa baada ya jioni ndefu ya Julai, upepo wa kusi ukiwa umepiga siku nzima, chini yake palikuwa na umande. Unyevu uliingia na ukashindwa kutoka. Ukikitumia, kitoe kila unaporudi nyumbani.

Vya chuma vinapendeza kuliko vyote. Kuna vya alumini vyenye rangi nyekundu, vya shaba nyeupe vilivyochongwa maua, na vingine vina mkono wa kupumzishia kidole gumba, ambao kwenye kamera ndogo isiyo na mahali pa kushika unasaidia kweli. Sivipingi. Ila kabla ya kununua kigeuze utazame chini. Cha kufaa kina uvungu: sehemu iliyochimbwa katikati ili chuma kisiguse vitufe, au kina plastiki iliyobandikwa hapo. Alumini iliyotiwa rangi kwa umeme haipitishi umeme juu juu, lakini rangi ikikwaruzika unabaki na chuma kitupu juu ya vitufe vya kamera, na kamera za sasa zipo zinazotoa umeme kupitia hapo kuendeshea maikrofoni. Isitoshe, vyuma viwili vya aina tofauti vikigusana penye chumvi na unyevu, kimoja kinamla mwenzake. Rafiki yangu anayepiga picha za watalii Unguja aliweka cha shaba kwa ajili ya urembo, na kilipotoka kilitoka na ukijani ule ule niliouona kwa fundi.

Mwishowe nikaagiza cha Nikon wenyewe. Kinaitwa BS-1, na ndicho kilichokuja na D7000 ilipotoka kiwandani. Wametumia hicho hicho kwenye D90, na hata kwenye Z 6, kamera ya kizazi kipya isiyo na kioo cha ndani (mirrorless). Bei ilikuwa shilingi 14,000, usafiri ukaongeza nyingine karibu na hizo, na kusubiri kulikuwa kurefu. Hamu ilikuwa kubwa mpaka nikaifungua bahasha kwenye ngazi za posta. Nikakiweka juu ya meza ya mama ntilie aliye jirani, pembeni yake nikaweka kile cha kopo nilichobakiwa nacho. Kwa juu vilifanana, vyote vyeusi, vyote bapa. Nilipovigeuza ndipo tofauti ikaonekana: cha kopo kilikuwa ubao mtupu wa plastiki, na BS-1 ilikuwa na umbo lililokatwa kufuata reli, kingo zake nyembamba zenye kubana kidogo kuelekea mwisho. Nikakisukuma, kikaenda kwa upinzani wa sawasawa, kikafika mbele kikatulia. Flashi ndogo ikainuka. Mkanda ukakisugua, hakikutoka.

Tangu siku hiyo, kabla sijanunua kifuniko chochote ninamwomba muuzaji picha ya upande wa chini. Wauzaji wengi mtandaoni wanaweka picha ya juu yenye nembo ya kampuni, na nembo hiyo inaigwa kirahisi. Anayekataa kutuma picha ya chini ninamwacha. Vilevile sinunui kwa jina la kampuni ya kamera peke yake, ninauliza modeli. Hilo la modeli nilijifunza kwa watu wa Sony, na linastahili maelezo marefu kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Mwenzangu tunayefanya naye kazi alikuwa na Sony A57. Alinunua pakiti ya vifuniko "vya Sony", hakuna hata kimoja kilichoingia. Akanunua pakiti nyingine, na tukakaa kibarazani kwake tukijaribu kuvilazimisha kama vile kamera ndiyo yenye kosa. Historia yake ni hii: mwaka 1988 Minolta waliacha reli ya kawaida wakatengeneza ya kwao, yenye umbo tofauti, inayojifunga flashi ikiingia. Sony walipochukua kazi ya kamera kutoka Konica Minolta mwaka 2006, wakairithi reli hiyo. Mwaka 2012 wakaanza kuleta reli mpya inayofuata vipimo vya kawaida, ila ikiwa na safu ya pini ndogo ndogo zilizojificha mbele. A57 ilitoka mapema mwaka huo, ikawa na reli ya zamani. A58, ya mwaka 2013, ina ile mpya. Ukiziweka kamera hizo mbili mezani, mtu asiyezijua atasema ni ndugu wa tumbo moja, lakini vifuniko vyake haviingiliani. Cha reli ya zamani kinaitwa FA-SHC1AM, cha reli mpya FA-SHC1M. Herufi moja tu katikati, na inatosha kukurudisha posta.

Mimi mwenyewe sasa natumia Sony A7 III kwa kazi kubwa. Kwenye hiyo, kifuniko cha kawaida cha ISO kinaingia bila shida, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Kinaingia kwenye reli, kinafunika kitufe cha katikati, ila kule mbele kwenye pini ndogo hakifiki. Pini zile ni nyembamba, zimepangana, na kuzisafisha kwa kijiti cha pamba ni kazi ya mashaka kwa sababu nyuzi za pamba zinanasa. Hapo sibahatishi: natumia FA-SHC1M, ambayo imeumbwa kuziba hata upande wa mbele. Niliyopata na kamera bado ninayo, na nyingine iko akiba.

Wa Canon nao wana jambo la kuangalia. Kamera zao nyingi, hadi EOS R5, zina reli ya kawaida yenye vitufe vinavyoonekana, na kifuniko kizuri cha ISO kinatosha. Kuanzia EOS R3 ya mwaka 2021 walileta reli mpya yenye safu ya pini mbele, inayofanana kwa wazo na ile ya Sony, na kifuniko chake ni ER-SC2. EOS R10, ambayo vijana wengi wa video wameinunua, ina hiyo reli mpya. Usimwambie muuzaji "nataka cha Canon". Mwambie modeli.

Kuna aliyenishauri kuchapisha vifuniko kwa printa ya plastiki, na kijana mmoja mwenye printa alinitengenezea kwa shilingi 2,000 kimoja. Kipimo kilitoka safi. Tatizo likawa joto. Plastiki ile inayotumika zaidi, PLA, huanza kulegea ikifika nyuzi joto kama 60, na kamera iliyoachwa kwenye gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam mchana inaweza kufika huko. Kimoja kilipinda kikabana ndani ya reli mpaka nikakitoa kwa kukikata. Kama una mtu wa kukuchapishia, mwambie atumie PETG au ABS, plastiki zinazostahimili joto kuliko PLA, na kijaribu kwa flashi ya kuinuka kabla ya kukiamini.

Selotepu ya umeme ndiyo suluhisho la watu wengi ninaowaona kazini. Naielewa, inapatikana kila kibanda. Lakini gundi yake inayeyuka kwa joto na kubaki juu ya vitufe kama utomvu, na gundi haipitishi umeme. Kama umekwama ufukweni na huna kifuniko, kata kipande cha karatasi ngumu, kiteleze ndani ya reli, halafu selotepu iwe juu ya karatasi bila kugusa chuma. Kitakufikisha usiku.

Jambo ambalo hakuna kifuniko kinachoweza kulitatua ni wewe kukitoa. Kila unapochomeka triga, kifuniko kinakuwa mkononi, umeshika na lenzi, bibi harusi anakuita. Vingi vinapotea katika dakika hiyo. Mimi kina mahali pake: mfuko mdogo wa zipu kwenye pochi ya triga. Triga ikitoka kwenye pochi, kifuniko kinaingia. Triga ikirudi, kifuniko kinatoka. Msaidizi wangu amezoea, na akikuta pochi ina triga na kifuniko pamoja anajua kuna kamera iko wazi mahali fulani. Vilevile picha za ufukweni nazipiga bila triga kadiri inavyowezekana, jua la jioni linatosha, na triga naichomeka nikiwa nimeshaingia ukumbini na kuifuta kamera kwa kitambaa kikavu.

Kifuniko hakiifanyi kamera kuwa ya kuingia majini. Kinazuia mchanga, jasho, matone na ile chumvi inayoelea hewani. Wimbi likikupiga, futa, toa kifuniko, kausha reli, na usikirudishe mpaka pawe pakavu kabisa. Nyumbani kamera zinalala kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana na pakiti za kukausha unyevu, vifuniko vikiwa vimetolewa.

Na kama ndiyo unaenda kununua kamera iliyokwisha kutumika, beba tochi ya simu na triga ya mtu unayemwamini. Mulika uvungu wa reli zote mbili. Chomeka triga, piga picha nyingi mfululizo huku ukiitikisa kidogo kwa kidole. Ikikosa hata moja, msafishie hapo hapo kwa spiriti ujaribu tena. Ikiendelea kukosa, huenda vitufe vimeliwa na bamba lote linahitaji kubadilishwa. Fundi wangu alinitajia shilingi 90,000 pamoja na spea, ikipatikana. Mtajie muuzaji kiasi hicho mpunguzane bei, na kifuniko kiagize siku hiyo hiyo, viwili kwa pamoja, kwa sababu usafiri wa kimoja na wa viwili ni ule ule.